Mtoto Aliyesema Haoni Nyota



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika vilima vilivyo juu ya ziwa Kivu. Ni mwaka wa tano ninaoufundisha, nami nimekwisha kuona vizazi vingi vya watoto wakipita katika madawati yangu. Leo sikushika kalamu ili niwafundishe neno. Nataka kukiri mbele yenu makosa mawili niliyoyatenda kwa ajili ya picha moja, na kuwaeleza yale niliyojifunza nilipokuwa nikitafuta kuyasahihisha. Picha yenyewe ni picha ya nyota.

Mwaka 2022, wakati wa likizo kubwa, mpwa wangu anayesoma Bukavu alinionyesha katika simu yake picha iliyopigwa na darubini ya angani iitwayo Webb. Picha za kwanza za darubini hiyo zilitangazwa ulimwenguni kote tarehe 12 Julai mwaka ule. Niliitazama, nikanyamaza. Chini palikuwa na kitu kama mlima wa vumbi, wenye rangi ya matofali yaliyochomwa. Juu yake anga ya buluu. Na kila mahali nyota, kubwa na ndogo, kama unga uliomwagwa juu ya nguo. Mlima huo si mlima, ni ukingo wa wingu la hewa na vumbi ambamo nyota mpya huzaliwa. Nilimwomba mpwa wangu anitolee picha hiyo katika karatasi kubwa. Shule ilipofunguliwa, niliitundika ukutani, kando ya ubao.

Siku ile niliwaambia watoto kwa sauti kubwa: «Tazameni! Lau kama mngeweza kusafiri mpaka kule, hivi ndivyo macho yenu yangeona.» Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, lakini sikulijua bado. Kisha nikawaamuru wahesabu nyota kutoka mahali walipoketi. Wote wakaanza kunyosha vidole. Mtoto mmoja tu wa dawati la nyuma aliinua mkono, akasema: «Bwana Mwalimu, mimi sioni nyota. Naona wingu tu.»

Wenzake walicheka. Nami nilifikiri ananifanyia mzaha. Mtoto huyo alikuwa akirudia mwaka, na mimi ndimi niliyemwangusha. Madaftari yake yalikuwa aibu: nilipoandika 8 ubaoni, yeye aliandika 3, maneno yalikatwa katikati, hesabu hazikufika mwisho. Nilikwisha kumhukumu moyoni kuwa ni mvivu. Basi nikamjibu kwa dhihaka: «Mwenye macho haambiwi tazama.» Nikamtoa mahali pake, nikamsimamisha ukutani, uso wake kuelekea ile picha, akae hivyo mpaka somo liishe.

Nikaendelea na somo la sarufi. Baada ya kitambo, watoto walipokuwa wakiandika na darasa limetulia, nilisikia sauti ndogo nyuma yangu. Ilikuwa ikisema: «Arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na tatu…» Niligeuka. Mtoto yule alikuwa amekaribisha uso wake kwenye karatasi, pua yake karibu iguse ukuta, na kwa kidole alikuwa akihesabu nyota. Aliponiona alistuka, akasema: «Bwana Mwalimu, kumbe ni nyingi hivi!»

Ndugu zangu, nilishika meza kwa mkono. Mtoto huyu hakuwa mvivu. Alikuwa haoni mbali. Mwaka mzima nilimwandikia maneno ubaoni naye haoni. Mwaka mzima nilimpa sifuri kwa maneno ambayo hayakumfikia hata siku moja.

Jioni nilikwenda kwa baba yake. Nilimweleza kila kitu, sikuficha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini, akasema polepole: «Mwalimu, ile karatasi yako ya pointi, kila mara ulipoileta nilimpiga.» Hakuongeza neno. Mimi pia sikuwa na neno. Tulipatana kumpeleka mtoto Bukavu kwa mganga wa macho. Niliuza mbuzi wangu mmoja, naye akatoa fedha zilizobaki. Mganga akampima, akasema anahitaji miwani, tena mizito. Tulipaswa kungoja majuma kadhaa.

Katika majuma hayo ya kungoja nilianza kusoma habari za darubini za angani, kila nilichokipata, na mpwa wangu akinisaidia. Labda nilitaka kuituliza dhamiri yangu. Nikakuta hadithi iliyonifunga roho.

Kabla ya Webb kulikuwa na darubini nyingine, iitwayo Hubble. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Lyman Spitzer, ndiye aliyeandika mwaka 1946 kwamba ingefaa kuweka darubini juu ya hewa ya dunia. Kwa nini juu? Mtu akitazama jiwe lililo chini ya maji ya mto, analiona likicheza-cheza. Jiwe halichezi, ni maji. Nasi sote tumekaa chini ya mto wa hewa. Ndiyo sababu nyota humetameta, na picha yake huharibika. Tena hewa huzuia aina fulani za nuru zisifike kwetu kabisa. Juu ya hewa hakuna kizuizi hicho.

Ilipita miaka zaidi ya arobaini ya mipango na kazi. Tarehe 24 Aprili 1990, Hubble ilirushwa, ikiwa na kioo chenye upana wa meta 2.4. Watu walisubiri kwa furaha picha zake. Zilipokuja, zilikuwa na ukungu. Nyota, badala ya kuwa nukta safi, zilikuwa na duara la nuru kuzizunguka. Magazeti yakacheka. Kejeli zikajaa. Wataalamu wakatafuta kosa, wakaligundua: kioo kilisuguliwa vizuri sana, lakini kwa umbo lisilo sawa. Ukingo wake ulizidi kuwa bapa kwa kiasi kidogo mno, yapata sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Na kwa nini kilikosewa? Kwa sababu chombo kilichotumiwa kukipima kilikuwa kimefungwa vibaya, sehemu yake moja ikiwa imesogea kwa milimeta 1.3. Mafundi walifuata kipimo kwa uaminifu. Kipimo ndicho kilichokuwa kibovu.

Niliposoma maneno hayo nilifunga macho. Mimi pia nilikuwa nimempima mtoto kwa uangalifu, kila juma, kwa wino mwekundu. Kipimo changu ndicho kilichokuwa kibovu.

Walifanya nini basi? Hawakuitupa Hubble. Walitengeneza vioo vidogo vya kusahihisha nuru, pamoja na kamera mpya iliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya kosa lile. Kwa neno moja, waliivika miwani. Desemba 1993, watu saba walipanda mpaka kwenye darubini hiyo kwa chombo Endeavour. Mara tano walitoka nje, wakifanya kazi katika utupu ule, dunia ikiwa chini yao. Januari 1994 picha mpya zilionyeshwa, nazo zilikuwa safi. Baadaye mafundi waliirudia tena Hubble mara nne, ya mwisho mwaka 2009, kuitengeneza na kuipa vyombo vipya.

Nitawasimulia kazi moja tu ya miwani hiyo. Mwaka 1995, mkuu wa taasisi iliyoongoza kazi ya Hubble, Robert Williams, aliamua kuielekeza darubini mahali ambapo watu hawakuona kitu chochote cha maana: kipande cha giza, kidogo kama punje ya mchanga iliyoshikwa kwa mkono ulionyoshwa. Baadhi ya wenzake walimwonya kwamba anaweza kupoteza bure wakati wenye thamani kubwa. Yeye alikaza. Kwa siku 10, toka tarehe 18 mpaka 28 Desemba, Hubble ilitazama giza hilo moja. Na giza likajibu. Katika kipande hicho kulionekana galaksi karibu 3,000, na kila galaksi ni kundi la mabilioni ya nyota. Pale tulipodhani hapana kitu palikuwa pamejaa. Ilitosha kukaribia na kutazama kwa saburi. Mnaelewa kwa nini nilimfikiria mtoto wangu wa dawati la nyuma.

Sasa nirudi kwenye kosa langu la kwanza. Juma moja baada ya mambo hayo, msichana mmoja, mwerevu na asiyeogopa, alisimama akaniuliza: «Bwana Mwalimu, ulisema macho yetu yangeona hivi hivi. Lakini kaka yangu anasema rangi zile zimetiwa na watu. Nani anasema kweli?» Sikujua. Nilimwambia: «Nipe siku chache.» Na hilo lilikuwa jibu la kwanza jema nililolitoa tangu picha ile iingie darasani.

Kaka yake alikuwa na haki. Kamera za darubini hizo hupokea nuru bila rangi, kama picha za zamani za nyeusi na nyeupe. Mbele ya kamera huwekwa vichujio, na kila kichujio hupitisha aina moja ya nuru. Picha moja hupigwa kwa kichujio hiki, nyingine kwa kile. Kisha kila picha hupewa rangi yake, na zote huunganishwa. Katika picha ya Hubble ya mwaka 1995 iliyopata sifa ulimwenguni, ile inayoitwa Nguzo za Uumbaji, nuru ya salfa ilipewa rangi nyekundu, ya haidrojeni rangi ya kijani, na ya oksijeni rangi ya buluu.

Na picha yetu ya ukutani ilikuwa mbali zaidi na macho ya watu. Webb hutazama hasa nuru ya joto, ambayo wataalamu huiita infraredi. Wekeni mkono karibu na sufuria iliyotoka motoni, usiku, taa ikiwa imezimwa. Hamwoni mwanga wowote, lakini ngozi yenu inajua kuna kitu. Nuru ya namna hiyo ndiyo Webb huiona. Nayo hupenya katika vumbi ambalo macho yetu hayawezi kulipenya, hata ikaonyesha nyota changa zilizofichwa ndani.

Je, picha hizo ni uongo? Nilifikiri sana jambo hili, kwa maana nilipaswa kuwajibu watoto arobaini na wawili. Niliwaambia hivi: «Bibi yako anasema Mashi tu. Mgeni anakuja, hajui Mashi. Mkalimani anasimama katikati, anageuza maneno ya bibi katika Kiswahili. Je, mgeni amesikia sauti ya bibi? Hapana. Amedanganywa? Hapana, kama mkalimani ni mwaminifu.» Rangi za picha hizo ni maneno ya mkalimani. Mahali ilipo nyota, umbo la wingu, nguvu ya nuru, vyote ni kweli. Rangi zimechaguliwa kwa utaratibu, ili macho yetu yaelewe yale yasiyoweza kuyaona. Mkalimani mwema hasemi kamwe kwamba sauti yake ni sauti ya bibi. Mimi nilikuwa nimesema hivyo. Basi niliomba radhi mbele ya darasa zima: kwa rangi, na kwa mtoto niliyemsimamisha ukutani. Watoto hawakucheka. Nimeona tangu siku ile kwamba wananiuliza maswali zaidi kuliko zamani.

Webb yenyewe ni kazi ya kustaajabisha. Ilirushwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2021, toka Kourou katika Guyana ya Ufaransa, kwa roketi Ariane 5. Kioo chake kina upana wa meta 6.5, nacho ni vipande 18 vya pembe sita, vilivyopakwa dhahabu. Kwa kuwa ni kikubwa mno, kilikunjwa ndani ya roketi na kukunjuliwa angani. Darubini hiyo iko mbali na dunia yapata kilometa milioni 1.5, nyuma ya mwavuli wa tabaka tano unaokinga joto la jua. Kwa kuwa chombo kinachotaka kuona joto hafifu la mbali hakina budi kiwe baridi chenyewe. Kama ikiharibika kule, haikutengenezwa ili mafundi waifuate kama walivyoifuata Hubble.

Na kwa nini nuru ya joto hutufikisha mbali zaidi? Hapa nataka kumtaja padri mmoja Mbelgiji, Georges Lemaître, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, chuo kilekile kilichoizaa Lovanium yetu ya Kinshasa mwaka 1954. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na kwamba galaksi zinaachana. Nuru inayosafiri katika ulimwengu unaopanuka hunyoshwa njiani, ikawa nyekundu, na ikiwa imetoka mbali mno hupita hata nyekundu na kuwa nuru ya joto. Lemaître alikufa mwaka 1966, lakini Webb inaokota nuru ile ile aliyoifahamu kwa hesabu. Mwaka 2018 wataalamu wa nyota wa mataifa mbalimbali walipiga kura kwamba kanuni ya upanukaji iitwe kwa jina la Hubble na jina la Lemaître pamoja. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu sana: hakupenda watu wachukue hesabu zake na kuzifanya ushuhuda wa imani. Kila elimu aliiacha isimame mahali pake.

Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na bado ile ya jua hutumia dakika 8 kutufikia. Nuru ya wingu lile la ukutani ilisafiri karibu miaka 7,600. Iliondoka kabla piramidi za Misri hazijajengwa. Na Webb imekwisha kuona galaksi ambazo nuru yake iliondoka wakati ulimwengu ulipokuwa haujafikisha miaka milioni 300, na sasa una yapata miaka bilioni 13.8. Atazamaye mbali anatazama zamani.

Labda mtaniuliza: Na kesho itakuwaje? Hubble imezeeka. Tangu Juni 2024 imekuwa ikifanya kazi kwa kutegemea jairoskopu moja tu, yaani chombo kinachoisaidia kujua imeelekea wapi, na njia yake inashuka polepole. Lakini ndugu zake wamezaliwa. Euclid, darubini ya nchi za Ulaya, ilirushwa Julai 2023, nayo imepewa miaka sita kuchora ramani ya karibu theluthi moja ya mbingu yote. Nyingine imepewa jina la mama mmoja, Nancy Grace Roman, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa elimu ya nyota katika shirika la NASA. Kioo chake ni sawa na cha Hubble kwa upana, lakini picha yake moja itachukua sehemu ya mbingu kubwa angalau mara 100. Mpango wake ni kurushwa kabla ya Juni 2027. Na kwa miaka ya 2040 wataalamu wanafikiria darubini itakayotafuta dunia nyingine zinazofanana na yetu, na kupokea nuru yao hafifu iliyo kando ya nuru kali ya jua zao.

Kuna hatari pia. Watu wameanza kujaza anga na satelaiti za mawasiliano. Wataalamu walipochunguza picha za Hubble za miaka ya 2002 hadi 2021, walikuta karibu 3 katika kila 100 zimekatwa na mstari wa satelaiti iliyopita. Na satelaiti zimezidi sana tangu hapo. Simu zetu za vijijini zinazihitaji, sikatai; lakini si vema kufunga dirisha ili kuwasha taa.

Jambo moja linanipa tumaini kubwa. Picha ghafi za Hubble na Webb huwekwa katika hazina iliyo Baltimore, Marekani. Nyingine huwekwa mara moja, nyingine baada ya muda, na hapo mtu yeyote anaweza kuzichukua kwa intaneti bila malipo, akaunganisha vichujio, akatoa picha yake mwenyewe. Wengine wanaofanya kazi hiyo nzuri hawakusomea nyota kamwe. Hapa kwetu umeme ni wa shida na intaneti ni ghali. Lakini mlango haukufungwa, na mtoto wa miaka kumi leo atakuwa mtu mzima, mwenye nguvu zake, darubini za miaka ya 2040 zitakaporushwa.

Miwani ilifika mwezi wa kumi na moja. Baba yake alikuja nayo mwenyewe shuleni, ameifunga katika kitambaa. Mtoto aliivaa, akatazama ubao, akasoma mstari wote niliouandika, kwa sauti, bila kusita. Jioni ile baba yake alinialika kula kwao. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, na usiku mbingu ikawa safi. Kwetu hakuna taa za barabarani. Mbingu yetu ni nyeusi kweli, na nyota zake ni utajiri ambao watu wa miji mikubwa wameupoteza. Tulitoka uani. Mtoto aliinua kichwa. Alikaa kimya muda mrefu mpaka mama yake akamwita kwa hofu. Ndipo akauliza: «Baba, hizi zilikuwapo siku zote?»

Baba yake alimwekea mkono begani, akasema: «Zilikuwapo, mwanangu. Ni sisi ambao hatukukuuliza.»

Wapenzi walimu wenzangu, na ninyi wazazi, sina mengi ya kuongeza. Mtoto akiandika vibaya yaliyo ubaoni, kabla ya kushika fimbo au kalamu nyekundu, msogezeni mbele, muulizeni anaona nini. Mtoto akiwauliza jambo msilolijua, mwambieni: «Nipe siku chache.» Ile picha bado iko ukutani kwangu. Jua limeanza kuififisha, na chini yake, kwenye urefu wa uso wa mtoto, kuna alama ndogo ya vidole. Sijaifuta.